Shajara ya mradi: mvumo kwenye Twin Reverb ya mzee

5 Machi, usiku

Amplifaya imefika leo baada ya futari, juu ya bajaji, imefungwa kwa khanga mbili. Ni Fender Twin Reverb ya uso wa fedha, ya valvu (taa za kioo zinazokuza sauti), wati 100, spika mbili za inchi 12. Tuliibeba wawili kutoka barabarani hadi uani na bado nilifika nikihema. Mwenye mali alikuja nyuma kwa miguu, gitaa mgongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa wangu huyo. Nimeshampeleka kwa mafundi wawili, kila mmoja anatoa mvumo, wiki haiishi umerudi."

Mzee anapiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya dansi tangu ujana wake, na huitikia kwenye kiitikio. Amplifaya hii aliletewa na mpwa wake aliyekuwa akiishi Marekani. Mwezi huu wa Ramadhani bendi imepumzika, kwa hiyo anataka iwe tayari kwa onyesho la Idi. Matatizo yake nimeyaandika kwa maneno yake mwenyewe. La kwanza, inavuma hata volyumu ikiwa sifuri. La pili, mara nyingine inatoa sauti kama dagaa wanakaangwa, halafu inaacha. La tatu alilisema akiwa ameshainuka kuondoka: "Na siku hizi maiki inaniuma mdomo."

Niliweka kikombe chini. Nikamuuliza limeanza lini hilo. Akasema tangu yule fundi wa pili alipotoa mvumo.

Nikaitazama plagi. Ni ya Kimarekani, ya pini tatu, lakini ile pini ya mviringo, ya erthi (njia ya usalama inayopeleka umeme ardhini), imekatwa kwa msumeno, mkato bado unang'aa. Plagi inaingia kwenye transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 V hadi 120 V, kisanduku cheusi chenye waya wa nyuzi mbili na plagi ya pini mbili iliyosukumiwa kwenye adapta. Kutoka ukutani hadi kwenye nyuzi za gitaa hakuna erthi popote. Nimemwambia mzee kwamba kabla sijagusa mvumo narudisha erthi, hata kama mvumo utazidi kwa siku kadhaa. Amekubali.

6 Machi

Nimepima bila kufungua kitu. Ukutani 224 V. Kati ya chasisi ya amplifaya (bati lake la chuma la ndani) na pini ya erthi ya soketi: 221 V. Nikageuza ile plagi ya pini mbili upande wa pili, nikapima tena: 3 V. Maana yake kila mzee alipochomeka, ilikuwa bahati nasibu.

Inatokeaje? Transfoma hii ya kushusha ni ya koili moja, haitenganishi kitu. Mguu wake mmoja ni ule ule waya wa ukutani. Ukichomeka kwa upande mmoja mguu huo ni nyutro, ukigeuza unakuwa waya wa moto. Halafu ndani ya amplifaya kuna kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji) ndogo ya mikrofaradi 0.047 inayotoka kwenye waya wa umeme kwenda kwenye chasisi. Amplifaya nyingi za Marekani za zama zile zilikuwa nayo, ili kupunguza mvumo kwenye nyumba zisizo na erthi. Kwa 224 V na Hz 50 kapasita hiyo inapitisha karibu miliampia 3.3. Chasisi imeungana na nyuzi za gitaa, maiki imeungana na mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti) yenye erthi. Mzee akishika nyuzi na kuweka mdomo kwenye maiki, yeye ndiye waya uliokuwa haupo.

Miliampia 3.3 zinauma tu. Ila siku kapasita hiyo ikipiga shoti ndani yake, kati ya mzee na 224 V hakutabaki chochote. Mafundi wa Marekani wanaiita kapasita ya kifo, na nadhani jina linaifaa.

Kwa nini basi kukata erthi kulionekana kuponya? Nimempigia simu kumuuliza anavyounga vyombo jukwaani. Pedali yake (kile kifaa cha mguuni cha kubadili sauti ya gitaa) ina matundu mawili ya kutokea, moja linakwenda kwenye amplifaya, jingine anaunga moja kwa moja kwenye mikisa. Basi erthi zilikuwa mbili, ya amplifaya na ya mikisa, na waya wa gitaa umezifunga zikawa duara. Umeme wa Hz 50 ukazunguka humo na kusikika kama mvumo. Fundi akalikata duara mahali pabaya kuliko pote. Duara linakatwa kwenye waya wa sauti. Waya unaolinda uhai hauguswi. Nitalirudia hili mwishoni, lina dawa yake.

8 Machi

Sifungui amplifaya ya valvu nikiwa na njaa, kwa hiyo kazi yote ya mwezi huu ni ya baada ya futari, nikishapumzika kidogo. Ndani ya hii mna takriban 460 V za mkondo wa upande mmoja (DC), na kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Utaratibu wangu: kuchomoa plagi, kusubiri, kisha kushusha chaji kwa rezista ya kilo-ohmu 10 ya wati 5 niliyoilehemu kwenye waya wenye klipu, klipu ikiwa kwenye chasisi, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Halafu mita. Sigusi mpaka mita isome chini ya volti kumi.

Kwenye transfoma ya umeme kuna namba 606-5-31. Hiyo 606 ni alama ya kiwanda cha Schumacher, 5 ni mwaka, 31 ni wiki. Kwa kuwa ina uso wa fedha na kitufe cha volyumu kuu, mwaka ni 1975. Niliona raha kuisoma. Karibu miaka 50, na risasi za viungo vingi bado zinang'aa.

Kapasita ya kifo nimeitoa. Swichi ya nyuma ya kuchagua upande wa erthi nimeiacha mahali pake kwa sura tu, haina waya. Nimeweka waya mpya wa nyuzi tatu, na ule wa erthi nimeufunga kwa boliti yake peke yake kwenye chasisi, mbali na boliti za transfoma, ili mtu akija kulegeza transfoma asiulegeze. Kwa sasa amplifaya inapata erthi moja kwa moja kutoka soketini. Kisanduku cha kushusha nitakishughulikia baadaye.

Mzee alifika baada ya tarawehe. Tukawasha, jeki ya gitaa ikiwa tupu, volyumu zote sifuri. Mvumo ule ule, mzito. Kwenye ncha za spika mita ilisoma milivolti 168. Nikamwomba kitu ambacho mita yangu haiwezi.

"Mzee, inavuma noti gani?"

Alitoa gitaa bila kuliunga popote, akainamisha sikio, akapapasa uzi wa sita, freti ya tatu. Akapiga, akasikiliza. "Ni G hii. Ila imepanda kidogo, kama gitaa lililokazwa na mwanafunzi."

G ya hapo ni Hz 98. Mvumo wa Hz 100 unakaa juu yake kidogo tu, kama alivyosikia. Jibu hilo lilinipunguzia nusu ya kazi. Umeme wetu ni Hz 50, ukipita kwenye dayodi (vijenzi vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinazotumia nusu zote mbili za wimbi unatoka na mtikisiko wa Hz 100. Kwa hiyo mvumo wa Hz 100 unatoka kwenye ugavi wa umeme mkubwa, yaani kapasita za kuchuja. Angesema ni G ya chini yake, ile ya besi, ingekuwa Hz 50, na ningetafuta kwenye nyuzi za kupasha valvu, kwenye erthi, au kwenye gitaa lenyewe. Asiye na mita nzuri lakini ana gitaa lililo kwenye tyuni ana kipimo tosha.

Uthibitisho: nilichomoa valvu ya sita, ile inayogawa sauti pande mbili kabla ya valvu za nguvu. Mvumo haukubadilika. Kwa hiyo kila kilicho kabla yake, vitufe vyote na valvu zote ndogo, hakihusiki na mvumo huu.

9 Machi

Juu ya chasisi kuna kibati cha bapa, ndani yake kapasita tano za kuchuja. Mbili za kwanza ni za mikrofaradi 70, 350 V, zimepangwa kwa kufuatana ili zigawane volti. Tatu zilizobaki ni za mikrofaradi 20. Mbili kati ya hizo zimefura nyuma, na moja imetoa uji wa kahawia ulioganda kwenye kona. Ndani ya kapasita ya aina hii kuna karatasi iliyoloweshwa kemikali, na joto la valvu huikausha mwaka hadi mwaka. Ikikauka haihifadhi kitu.

Kwenye kituo cha kwanza cha kuchuja mtikisiko ulikuwa 19 V, kwenye cha pili, baada ya choki (koili ya kuchuja), 2.6 V. Kubwa mno zote mbili. Kuna jambo jingine ambalo nimelifikiria njiani: amplifaya hii ilitengenezwa kwa umeme wa Hz 60. Kwao kilele kimoja hadi kingine ni milisekunde 8.3, kwetu ni 10. Kapasita ile ile hapa inabeba mzigo muda mrefu zaidi kabla ya kujazwa tena. Kapasita iliyochoka kidogo kule, huku inaonekana imekufa.

Kariakoo nimezunguka maduka sita. Za mikrofaradi 100, 400 V zipo, za tivii, na kwa zile mbili za kwanza zingetosha kabisa kwa kuwa kila moja inabeba nusu. Lakini kwa tatu zilizobaki nahitaji 500 V. Muuzaji mmoja, kijana mwenye heshima zake, alinisisitizia nichukue za 450 V: "Zitavumilia tu, fundi." Ugavi huu wenyewe unafika karibu 460. Sikuchukua. Nimeagiza seti nzima kwa jamaa anayerudi kutoka Dubai wiki mbili zijazo. Mzee nimemwambia, amesema Idi haijafika.

22 Machi

Kapasita zimefika jana. Leo nimezilehemu: mbili za mikrofaradi 100, 350 V, tatu za mikrofaradi 22, 500 V. Zile rezista za kilo-ohmu 220 zinazosawazisha volti kati ya mbili za kwanza nimezibadilisha pia. Moja ilikuwa imepanda hadi 290. Zikitofautiana, kapasita moja inabeba kuliko mwenzake na kufa mapema.

Kabla ya kuwasha nimeipitisha kwenye taa ya kupimia, taa ya nyuzi ya wati 100 iliyofungwa kwa kufuatana na waya wa moto. Kama kuna shoti, taa inawaka kwa nguvu zote na amplifaya inasalimika. Iliwaka ghafla, ikafifia, ikabaki nyekundu kidogo. Ndivyo ninavyotaka. Taa hizi za nyuzi zinazidi kuadimika mjini, ninazo tatu na nazitunza kama mayai.

Mtikisiko: kituo cha kwanza 8 V, cha pili 0.3 V. Kwenye spika milivolti 41.

Kutoka 168 hadi 41. Uani kukawa na utulivu ambao sikuwa nimeusikia tangu amplifaya ifike. Lakini mvumo upo bado, na sura yake imebadilika. Nimechukua gitaa la mtoto wa jirani nikaulinganisha. Sasa ni ile G ya chini. Hz 50.

23 Machi

Hz 50 ikiwa gitaa halijaungwa na valvu ya sita imetolewa. Washukiwa wamebaki wachache. Leo nimeanza na bayasi, volti hasi inayozuia valvu za nguvu zisijimalize. Ugavi wake una dayodi moja tu, unatumia nusu ya wimbi, kwa hiyo mtikisiko wake ni Hz 50 badala ya 100. Watu wengi hubadilisha kapasita kubwa zote tano na kuisahau hii ndogo iliyojificha kwenye kibao chake pembeni. Nami niliisahau jana.

Bayasi ilikuwa –48 V, sawa, lakini juu yake mtikisiko wa 1.4 V. Nimeweka kapasita ya mikrofaradi 100, 100 V. Hapa ncha chanya inakwenda kwenye chasisi, kinyume na zote nyingine, na nimeikagua mara tatu. Mtikisiko sasa ni milivolti 30. Kwenye spika: 17.

Halafu valvu za nguvu zenyewe. Ni nne, aina ya 6L6GC, mbili kila upande wa transfoma ya kutokea. Pande hizi mbili zinavutana kinyume, na mtikisiko unaoingia sawasawa pande zote unajifuta wenyewe kwenye transfoma. Lakini unajifuta kama pande zinalingana. Nimepachika rezista ya ohmu 1 kwenye kathodi ya kila valvu, mguu ambao mkondo wake wote unapitia, ili milivolti moja ninayosoma iwe miliampia moja. Upande wa kwanza: 38 na 36. Upande wa pili: 35 na 24. Jumla 74 dhidi ya 59. Hiyo ya 24 imechoka.

Valvu nne mpya zinazolingana ni pesa nyingi, na mzee hana kwa sasa. Nimezipanga upya: 38 na 24 upande mmoja, 36 na 35 upande mwingine. Sasa ni 62 dhidi ya 71. Haijalingana, lakini pengo limepungua kutoka 15 hadi 9, na kwenye spika milivolti zimeshuka hadi 9. Bila kununua kitu.

Mwisho, nyuma ya chasisi kuna kitundu chenye skrubu ya kusawazisha mvumo wa nyuzi za kupasha valvu, zile za 6.3 V. Nikaizungusha taratibu kwa bisibisi, sikio kwenye spika. Kuna mahali mvumo unazama, ukipita kidogo unaibuka tena. Nimeiacha hapo. Milivolti 4.

25 Machi

Dagaa.

Mlio huu ulinisumbua siku mbili kwa sababu hauji ukiitwa. Amplifaya inawaka dakika ishirini kimya, halafu unaanza: pa, papa, paaa. Volyumu hata ikiwa sifuri. Nimechomoa valvu ya kwanza na ya pili, ukaendelea. Nimechomoa ya nne, ukakoma. Nikaweka nyingine nzima mahali pake, ukarudi baada ya robo saa. Basi valvu haina kosa.

Njia ninayoitumia ni kugonga vijenzi kimoja kimoja kwa kijiti cha mshikaki kilicho kikavu, umeme ukiwa umewashwa, mkono wa pili mgongoni. Mwanzi hauna njia ya umeme, na ncha yake inafika mahali kidole hakifai kufika. Niligusa rezista ya kilo-ohmu 100 inayolisha anodi (mguu wa volti kubwa) ya valvu ya nne. Ikapiga kelele kama mtu aliyekanyagwa. Nikagusa jirani yake, kimya. Nikairudia ya kwanza, kelele.

Ni za kaboni iliyoshindiliwa, kahawia, nene, zenye mistari ya rangi. Zina sifa nzuri mtaani, watu wanasema sauti yake ni tamu, nami siwezi kusema wanakosea. Lakini zikizeeka huku zimebeba volti kubwa, chembe za ndani zinaachiana na kushikana. Nimetoa zote mbili za valvu hiyo na kuweka za filamu ya metali. Zilizobaki sikuzigusa, hazina kosa, na sauti ya amplifaya hii ndiyo mzee anayoipenda. Imewaka kwa muda wa saa mbili, nimesikiliza mpaka daku. Hakuna dagaa.

Nilipokuwa nasikiliza nikazungusha kitufe cha rivebu, yaani mwangwi. Mvumo mpya ukapanda nacho. Tanki la rivebu limelala chini ya kabati kwenye mfuko, ni sanduku la springi lenye koili kila mwisho, moja ya kuingiza na nyingine ya kupokea. Koili ya kupokea inasikia kila kitu, hata sumaku ya transfoma ya umeme. Mtu aliwahi kulitoa na kulirudisha kinyume, kichwa cha kupokea kiko upande wa transfoma. Nimeligeuza. Kisha waya wake: shela ya nje (wavu wa waya unaokinga mvumo) imekatika kwenye plagi, imebaki nyuzi mbili tatu. Nimeilehemu. Rivebu hadi sita, kimya. Kutoka saba kuna mvumo mdogo, na nadhani kila Twin niliyowahi kuisikia inao hapo.

28 Machi

Kisanduku cheusi cha kushusha sikukitaka tena, erthi au bila erthi. Nimempelekea fundi wa kusuka transfoma aniundie ya koili mbili zilizotenganishwa, 230 kwa 120, ya VA 500. Ameikamilisha leo. Nimeifunga kwenye boksi la chuma, waya wa nyuzi tatu, fyuzi upande wa waya wa moto, erthi ya ukutani inapita hadi soketi ya kutokea na kwenye boksi lenyewe.

Nilipima tena kati ya chasisi na erthi ya ukutani. Volti sifuri. Ohmu 0.2. Nikageuza, nikatikisa waya, nikavuta plagi huku na huku. Sifuri.

Jambo la kukumbuka: niliiweka kwanza chini ya amplifaya ili isichukue nafasi, na rivebu ikaanza kuvuma upya. Nimeisogeza mita moja na nusu, imekoma. Nimemwandikia mzee kwa maka kwenye boksi: IKAE MBALI.

29 Machi

Mzee amekuja na gitaa lake na pedali. Alipowasha alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama imewaka. Nikamwonyesha taa nyekundu.

Tulipochomeka gitaa, mvumo mdogo. Huu ni wa gitaa. Lina pikapu (sumaku zenye koili zinazosikia nyuzi) tatu za koili moja moja, na koili moja ni antena ya kila sumaku iliyo chumbani. Nilimwomba azunguke taratibu pale aliposimama, kama anatafuta kibla. Akielekea mlangoni unavuma, akielekea ukutani unakufa. Ndiyo maana mwaka 1955 Seth Lover, akiwa Gibson, alibuni pikapu ya koili mbili zilizosukwa kinyume, sauti ya nyuzi inajumlishwa na mvumo unafutwa. Mzee hataki pikapu nyingine, na mlio wa ridhimu yake ninaujua, simlaumu. Nimefungua gitaa na kuvisha shimo la ndani kwa utepe wa shaba, vipande vyote vimelehemiwa pamoja na kuungwa kwenye erthi ya jeki. Mkoromo wa taa za LED na wa chaja za simu umepungua sana. Ule unaobaki anajua sasa asimame akielekea wapi.

Kisha lile duara la erthi. Tundu la pili la pedali linaloenda kwenye mikisa nimelipitisha kwenye kiboksi cha DI (cha kuunga chombo kwenye mikisa) chenye transfoma ndani, swichi yake ya kuachia erthi ikiwa imefunguliwa. Sauti inapita kwa sumaku, erthi ya mikisa na ya amplifaya hazikutani tena kwenye waya wa gitaa. Nilimfungia swichi kwa utepe asiisogeze mtu. Niliazima mikisa kwa jirani ili nimwonyeshe: bila kiboksi, mvumo. Na kiboksi, hakuna. Plagi ina pini zake zote tatu muda wote.

"Kwa hiyo yule kijana angefanya hivi tu?"

"Hivi tu, mzee."

Aliishika ile plagi ya zamani iliyokatwa, ilikuwa bado mezani, akaitia mfukoni.

1 Aprili, Idi pili

Ukumbi ulijaa. Nilifika mapema nikapima soketi za jukwaani kabla ya mtu kuchomeka chochote. Moja kati ya nne haikuwa na erthi, nikaifunika kwa utepe na kumwambia mwenye ukumbi. Transfoma nimeiweka nyuma ya pazia, mbali.

Kwenye chemko, sehemu ya kasi ya wimbo, mvumo wa zamani haukuwa unasikika, ngoma na besi viliufunika. Ulikuwa unaudhi kwenye mwanzo wa wimbo, pale mwimbaji anapoingia polepole na gitaa moja. Kwa hiyo nilikaa nikisubiri hapo. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa taratibu. Stendibai (swichi inayoinyamazisha amplifaya ikiwa imewashwa) ikaachiwa, nikasikia feni ya dari na mtoto mmoja akilia mlangoni.

Kilichobaki kwenye kazi hii: valvu nne za 6L6GC zinazolingana, mzee akipata pesa, na kupima bayasi upya siku hiyo. Vilevile nirudi nikaone kama ile soketi imetengenezwa.

Kiitikio kilipofika mzee aliegemea maiki, mkono wa kushoto umekaza nyuzi zote sita, mdomo ukigusa kabisa wavu wa maiki, akaimba.